Miche ya migomba tuizalishe wenyewe, ugonjwa tusiugawe

Haya ndo maneno niliyoongea Jumapili baada ya ibada kwenye kikao cha kikundi chetu huku Kagera. Nimeyaandika yote kwa ajili ya nyie mliokuwa msibani siku ile, na nyie wa Mwanza na Dar mnaotuma hela ya kibanja, shamba la migomba la nyumbani, kila mwezi bila kujua kibanja kinaendeleaje. Sijapunguza kitu, ila pale mvua ilipopiga mabati tukakaa kimya nimeparuka.

Nilianza na salamu yetu ya Kihaya: Kasinge waitu!

Mwenyekiti, mama mtunza hazina, wazee wetu mlioko kwenye benchi la mbele, kina mama, na nyie vijana mliosimama mlangoni, ingieni bwana, hatuchangishi leo.

Naomba nianze kwa kuuliza. Nani hapa ndani amewahi kununua mche wa mgomba kwa hela yake? Nyoosha mkono tuone. Haya, naona mikono miwili, mitatu, yule anasitasita. Sasa nani amewahi kupewa chipukizi na jirani, na shemeji, na mama mkwe? Mnaona? Nyumba nzima. Hata mwenyekiti kanyoosha yote miwili.

Ndo sisi hao. Huku kwetu mtu akijenga, akioa, akihamia, anapita kwa watu anaomba miche na hakuna anayemnyima, kumnyima mtu chipukizi la mgomba ni kama kumnyima maji ya kunywa. Sijaja kuupinga huo utaratibu, mimi mwenyewe kibanja changu nusu nzima ni cha kupewa. Nimekuja kusema jambo moja: tunaweza kuzalisha miche mingi na safi hapahapa nyumbani, nyuma ya jiko, bila maabara, lakini tukikosea mama, yaani ule mgomba tunaotolea mche, tutakuwa tumezalisha ugonjwa kwa wingi. Mama kwanza. Mtanisikia nikilirudia hilo mpaka mchoke.

Kwa nini mama? Kwa sababu mgomba hauna mbegu. Ndizi za porini zinazo, mbegu nyeusi ngumu za kuvunja jino, ila hizi zetu za kula hazina, kwa hiyo miaka na miaka watu wamekuwa wakizipanda kwa kung'oa kipande na kukisogeza pale. Ule Nshakala, mgomba wetu wa ndizi za kupika, ulioko nyuma ya nyumba yako ni kipande cha mgomba wa bibi yako, na ule wa bibi ni kipande cha mgomba wa mama yake, ni mmea uleule unahama tu kutoka kibanja mpaka kibanja. Uzuri wake ni kwamba utamu haupotei, unachokula leo ndicho alichokula yeye. Ubaya wake je? Udhaifu nao haupotei. Na kama kile kipande kilikuwa kinaumwa, umehamisha na mgonjwa.

Wazungu wenye makampuni ya kuuza ndizi Marekani na Ulaya hili liliwapata vibaya mno. Walikuwa wanategemea aina moja tu, Gros Michel, huko Amerika ya Kati, shamba linaanzia hapa unachoka kutembea hujalimaliza, mgomba mmoja uleule. Ukaja ugonjwa wa fangasi wa kwenye udongo, mnyauko wa Panama, ukawa unasafiri na machipukizi na udongo ulioshika mizizi. Hakuna dawa. Wakahama shamba, ukawafuata, wakahama tena, ukawafuata, mpaka kufika miaka ya 1960 wakasalimu amri wakahamia aina nyingine, Cavendish, ndo hizo mnaziona supermaketi. Na sasa hivi hiyo Cavendish nayo inatafutwa na aina mpya ya fangasi huyohuyo, TR4, na mwaka 2013 ilitangazwa kuwa iko Msumbiji. Msumbiji ni mbali? Tunapakana nao.

Lakini kwa nini niwapeleke Amerika wakati yetu tunayo. Mnyauko wa bakteria, nani asiyeujua hapa? Ulikuwa Ethiopia tangu miaka ya 60 kwenye migomba yao ile ya kula tunguu, lile bonge la chini linalotoa mizizi, ukaonekana Uganda 2001, na 2006 ukaingia Kagera, ukaanzia Muleba. Vijana mlikuwa wadogo, lakini wazee mnakumbuka. Majani yanapata unjano yanalegea, ndizi zinaiva kabla hazijakomaa, ukikata ndani ina kahawia, ukikata shina ukasubiri kidogo unatoka usaha wa njano.

Kuna mzee wa kata ya jirani, jina naliacha, kijana wake alioa akapewa kipande cha ardhi. Mzee akafanya kama baba yeyote wa huku, akaingia kibanja chake kizuri akang'oa machipukizi bora kabisa, wakayapakia kwenye pikipiki mbili wakayapeleka. Kwa macho mama zake walikuwa wazima, wamenawiri, hakuna jani lililolegea. Sasa bakteria huyu anaweza kukaa ndani ya mgomba mwezi na zaidi hajajionesha, na panga ni lilelile lilikata huu likakata na ule. Baba akaanza kuona unjano kwake, kabla hajamaliza kuing'oa kijana naye anapiga simu. Vibanja viwili! Na kile cha kijana kilikufa hakijatoa hata mkungu wa kwanza, wale watoto wakala ugali wa kununua mwaka mzima, nyumba ya Mhaya bila ndizi mnajua ilivyo. Yule mzee alikosa nini? Alitoa zawadi tu.

Kwa hiyo, mama kwanza.

Unamchaguaje mama? Nina jirani yangu, mama wa makamo, ana utaratibu ambao bwana shamba mwenyewe alipouona alitabasamu. Mgomba ukibeba mkungu mzuri anaufunga kitambaa, kipande cha kanga iliyochakaa. Hachukui chipukizi hapo, anangoja. Anaangalia mkungu ukomae vizuri, auvune, akate ndizi moja aone ndani kama nyeupe safi, alafu anangoja tena mtoto wa pale naye abebe. Akibeba vizuri anafunga kitambaa cha pili. Shina lenye vitambaa viwili ndo anatoa mche. Na shina lolote lililo karibu na mgomba uliowahi kunyauka haligusi, hata liwe na vitambaa vitano. Ukiingia kibanjani kwake unadhani kuna mganga, lakini mikungu yake mnaijua, ile ya kubebwa na watu wawili.

Alafu kwenye hilo shina unachukua chipukizi lipi? Hapa watu wengi wanadanganywa na macho. Kuna chipukizi lina majani mapana tangu likiwa dogo, linapendeza, unaona hili limeshakuwa mgomba. Liache. Lile halijashikana vizuri na mama, tunguu lake ni dogo, halina akiba. Chukua lile jembamba lenye majani ya upanga, chini limenenepa juu limechongoka, urefu wa kiunoni mpaka kifuani. Na usimalize yote, acha mama, mtoto na mjukuu kama tulivyofundishwa, shina lisibaki tupu.

Panga na jembe kabla hujagusa mgomba pitisha kwenye moto mpaka chuma kiwe cha moto huwezi kushika, au osha na jiki. Kila shina unalohamia, rudia. Kila shina! Najua inachosha. Mnaona wale wanaozunguka kukata majani ya kufungia na ya kulishia ng'ombe, panga moja kutoka kibanja cha huyu mpaka cha yule? Hao ndo wametusambazia zaidi ya wadudu. Na ua dume, lile dude jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, livunje kwa kijiti chenye panda mara tu chane ya mwisho ikitoka, usilikate kwa panga, maana nyuki na wadudu wengine wanaobeba bakteria wanapitia hapo.

Tumeshapata chipukizi. Sasa kulisafisha. Ling'oe na tunguu lake zima, libebe mpaka pembeni mwa kibanja, ule udongo ubaki kulekule lilikotoka. Kata mizizi yote. Alafu chukua kisu kikali umenye lile tunguu, ngozi ya nje yote nyeusi, mpaka libaki jeupe. Hapo ndo utajua ulichopewa. Ukikuta vijishimo na njia njia za kahawia, huyo ni fukusi kashataga na watoto wake wanatoboa humo ndani. Menya zaidi, na kama njia zinaendelea mpaka katikati tupa, choma, usione huruma. Ukikuta madoa mekundu meusi kwenye mizizi na ngozi, hiyo ni minyoo ya mizizi, ile inayofanya mgomba uanguke na mkungu wake upepo ukipiga, watu tunasingizia upepo.

Likishakuwa jeupe, maji ya moto. Yanayochemka kabisa, sufuria ya sherehe au pipa lililokatwa nusu, tunguu ndani ya wavu au kikapu, unalizamisha unahesabu taratibu mpaka 30, unatoa. Sekunde 30 basi. Wataalamu wa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, walilipima hili, linaua minyoo na mayai ya fukusi na tunguu linabaki hai. Kuna kijana wetu mmoja, yuko humu ndani anacheka, alizamisha tunguu zake simu ikaita ndani akaenda kuongea, aliporudi zimeiva. Mama yake akawapa nguruwe. Kwa hiyo simu mpe mtu.

Na sikilizeni hapa vizuri, maana watu wanapenda nusu ya habari. Maji ya moto hayatibu mnyauko. Hayatibu na kirusi. Kuna ugonjwa wa kirusi unafanya majani yasimame wima yabanane juu mgomba udumae usizae, uko Kongo, uko Burundi na Rwanda, na Kigoma umeshaingia. Huo hauchemshiki. Dawa yake ni ile niliyosema mwanzo, nani anikumbushe? Mama kwanza! Asanteni.

Sasa kuzidisha, ndo mlichokuja kusikia. Chipukizi moja ukilipanda unapata mgomba mmoja. Mkulima anayetaka kufufua kibanja chenye mashimo mia moja atapata wapi machipukizi mia moja safi? Hapati, ndo maana anaokota popote.

Kuna njia ya sanduku. Iliendelezwa na watafiti wa Cameroon, kwenye kituo kinaitwa CARBAP, na kipo sehemu inaitwa Njombe, ndio, nao wana Njombe yao, siyo hii ya viazi. Akili yake ni rahisi. Kila ganda la shina la mgomba, pale chini linaposhikana na tunguu, lina jicho. Ganda moja, jicho moja. Mengi ya hayo macho yamelala, kwa sababu kile kiini cha katikati kinachokua kwenda juu ndo bosi, kikiwepo kinayazuia wengine wasiamke. Ukimwondoa bosi, wanaamka.

Unafanyaje? Chukua lile tunguu ulilomenya, kata shina libaki kama vidole viwili juu ya tunguu. Anza kubandua maganda, moja moja, kutoka nje kuja ndani. Unapitisha ncha ya kisu kuzunguka, karibu kabisa na tunguu lakini usilikwangue, unaacha kamstari kembamba ka ganda, unalivuta linatoka, na hapo kwenye kona yake unaona kajicho keupe kamechongoka kidogo, ukubwa wa punje ya mchele. Usikaguse. Ganda la pili, jicho la pili liko upande mwingine. Endelea mpaka katikati kumebaki kidogo sana, kama unene wa kidole gumba. Hapo unachanja msalaba, kisu kinaingia katikati kinashuka sentimita moja hivi mbili, ukikatiza mara mbili. Bosi kafa. Kina mama nyie ndo mtafanya vizuri zaidi, wanaume tuna haraka, nimeona watu wanachonga tunguu kama wanachonga mpini, macho yote yanaenda na maganda alafu wanasema njia ya wazungu haifanyi kazi. Njia ya wazungu wapi, ni ya Waafrika hii!

Liache kivulini siku moja jeraha likauke. Sanduku lenyewe ni mbao za kawaida, au tofali za kuchoma, au hata mianzi, upana wa mita moja hivi ili mkono ufike katikati, urefu unavyotaka. Ndani unajaza maranda laini, ule unga wa msumeno, ya mbao isiyopakwa dawa. Maranda yachemshwe kwanza, kwenye pipa, masaa kadhaa, yapoe. Unapanga tunguu zako zisigusane, unafunika kwa maranda unene wa vidole viwili, unamwagilia yalowe bila kutuamisha, alafu juu unafunga nailoni nyeupe pande zote hewa isitoke, na juu ya nailoni kivuli, makuti, nyasi, turubai la wavu, chochote. Ndani kunakuwa na joto na unyevu wa kutoka jasho. Usifungue fungue kila jirani akija kuangalia! Unafungua kumwagilia tu maranda yakianza kukauka.

Wiki ya tatu, ya nne, yanaanza kuchomoza. Sasa hapa kuna ujanja. Yale ya kwanza yaliyonenepa unaweza kuyafanyia vilevile, unakata, unabandua, unachanja msalaba, nayo yanaamsha macho yake ya pembeni. Kwa hiyo tunguu moja likifanyiwa vizuri linaweza kutoa miche kumi, ishirini, hata arobaini, inategemea aina na mkono wako. Hizi ndizi zetu za kupika, Nshakala na wenzake, ni wagumu kidogo kuliko FHIA, zile aina zilizotoka Honduras. Gonja, ile ndizi ndefu ya kuchoma, nayo ina tabia zake.

Mche ukifikisha majani matatu manne unautenga na tunguu kwa kisu safi, uwe na vimizizi vyake, unauweka kwenye kiriba, kile kimfuko cha nailoni, chenye udongo mzuri na samadi iliyooza. Kivulini miezi miwili hivi, wiki za mwisho unapunguza kivuli kidogo kidogo uzoee jua. Ukipeleka kibanjani, shimo sentimita 60 kila upande, debe la samadi, mita tatu kutoka shimo mpaka shimo, mvua za mwanzo. Hayo mnayajua kuliko mimi, siwachoshi.

Kabla sijakaa. Nikiwa nakuja kuna baba kaniuliza pale nje, sasa kama ni hivyo si tununue tu miche ya chupa, ile inayokuzwa maabara? Swali zuri. Miche ya chupa iliyotoka maabara inayoaminika ni safi, na mnakumbuka mwishoni mwa miaka ya 90 zile FHIA zilivyokuja Kagera, aina za Honduras, zikiletwa kwa miche ya maabara kutoka Ubelgiji. Zilifikaje kwenye kila kitongoji? Siyo kwa maabara. Mtu alipewa michache, ikazaa machipukizi, akampa dada yake, dada akampa wifi yake. Ni ule mtindo wetu uleule wa kugawiana, na ulifanya kazi kuliko gari lolote la mradi. Watu walilalamika utamu, wanasema haifikii ndizi yetu, na ni kweli haifikii, lakini kuna nyumba zilishiba.

Kwa hiyo mimi nasema tusichague kimoja. Kikundi kinunue miche ya chupa michache, tuulizie TARI Maruku, kituo cha utafiti wa kilimo, wana aina gani kwa sasa, hiyo iwe mama zetu wapya, tuipande kwenye kipande kimoja kilichotengwa, kisichowahi kuwa na mnyauko, asiingie mtu na panga lake. Baada ya hapo sanduku litoe miche kutoka kwa hao mama. Na mtu akija kuomba, bado tutampa, hatutauza kwa mwanakikundi wala kwa bwana harusi, ila tutampa mche wa kwenye kiriba uliotoka kitaluni, siyo chipukizi lililong'olewa haraka haraka nyuma ya nyumba na udongo wake.

Maana sanduku halina macho, waitu. Ukiliwekea tunguu zima litakuzidishia uzima, ukiliwekea lenye mnyauko litakuzidishia mnyauko ule ule, mara ishirini, kwenye viriba vizuri, uwagawie ndugu zako wote kwa mkono wako mwenyewe.

Basi. Mbao tumeshapata kwa mwenyekiti, maranda fundi kasema tuje na magunia yetu, nailoni itatoka kwenye mfuko wa kikundi na mama mtunza hazina ameshaguna lakini atatoa. Jumamosi saa mbili asubuhi, kwa yule mama wa vitambaa, ametukubalia kutoa tunguu za kuanzia. Kila mtu aje na kisu kikali na panga. Moto utakuwa umewashwa getini, na panga lako halivuki pale kabla halijapita motoni, hata ukiwa mwenyekiti.

Asanteni kwa kunisikiliza. Maswali?